Kisanduku cha Waseca

Johnson Matchbox ya wati 275 ilipotua mezani kwangu ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja alikuwa ameacha alama yake ndani. Niliinunua kwenye soko la vifaa vikuukuu vya redio hapa Minnesota ninakoishi. Ni bidhaa ya papa hapa jimboni: imeundwa miaka ya 1950 huko Waseca, mji mdogo kusini mwa Minneapolis, ambako Edgar F. Johnson alianzisha kampuni yake mwaka 1923. Bati lake lina rangi ya damu ya mzee, na vinobu vyake ni vikubwa vya kujaa kiganja. Siku ile nilikuwa na nia moja tu: kuirudisha vilevile ilivyotoka kiwandani. Watu wanaotoboa vitu vya zamani nilikuwa nawaona kama maharamia.

Kazi ya kisanduku hiki ni kuipatanisha redio na antena. Antena yangu ni waya ulionyooshwa baina ya miti miwili, umekatwa katikati, na kutoka hapo waya pacha unashuka hadi dirishani. Urefu wake ni mmoja, masafa ninayotaka kurusha ni mengi, na kwa kila masafa waya huo una tabia yake. Redio yangu ya transista haina uvumilivu. Inataka kuona omu 50, na nguvu ikianza kurudi kutoka kwenye antena, yenyewe inajipunguzia wati ili transista zisiungue. Redio za vali zilikuwa na moyo mpana zaidi kwa jambo hili.

Ndani ya Matchbox hakuna maajabu. Kuna koili, swichi ya kuchagua bendi, na kapasita mbili za kuzungusha. Ya kwanza huileta koili kwenye masafa unayotaka. Ya pili imeundwa kwa ujanja: mabapa yake yanapoingia upande mmoja yanatoka upande wa pili, hivyo kinobu kimoja kinatosha kugawa volti mpaka antena na redio zielewane. Tena mtambo wa kurushia haujafungwa moja kwa moja kwenye antena. Nguvu inavuka kwa usumaku tu, kutoka koili ndogo kwenda kubwa. Mpango huo unaufaa waya pacha, na enzi zile ulikuwa na faida nyingine ambayo leo wengi wameisahau. Mrushaji wa megahezi 28 akitoa uchafu wa maradufu yake, uchafu huo unaangukia megahezi 56, na hapo ndipo ilipokuwa chaneli ya 2 ya televisheni Marekani. Jirani akiharibiwa picha jioni, lazima aje kugonga mlango. Kisanduku kilisaidia kuuchuja uchafu huo kabla haujafika kwenye waya.

Nilipofungua skrubu za juu, nilikuta grisi ya shafti imekauka ikawa kama gundi, na fedha ya kwenye swichi imekuwa nyeusi tititi. Baadhi ya mabapa ya kapasita yalikuwa na vidonda vidogo vya cheche; kuna mtu aliwahi kurusha kwa nguvu nyingi kabla ya kulinganisha. Nikapiga picha, nikamtumia mjomba wangu aliyeko Tanga. Amekuwa fundi redio tangu enzi za redio za vali.

“Mjomba, shikamoo. Umeiona?”

“Marahaba, mpwa wangu. Nimeiona. Umeshaichora?”

“Nimepiga picha.”

“Picha haioni waya unaopita nyuma ya waya. Chora kwanza, ndipo ulehemu.”

Nikachora. Hilo liliniweka mezani jioni nzima, lakini lilinionyesha nyaya mbili ambazo kumbe hazikuwa za kiwanda: ganda lake ni la plastiki, na lehemu yake imekwajuka, haing'ai. Baada ya hapo ikawa kazi ya subira tu. Spiriti na mswaki mkuukuu kwenye beringi hadi shafti ikazunguka kwa kidole kimoja, dawa ya kusafishia swichi, kisha tupa nyembamba ya kusawazisha kingo zilizoungua. Kingo ni muhimu, maana cheche hupenda kuanzia palipochongoka. Mwishowe unashika mita, unazungusha kapasita pole pole kutoka mwanzo hadi mwisho, ukisikiliza kama kuna bapa linalogusa jirani yake.

Kilichoanza kuulegeza msimamo wangu ni relei. Zamani redio ya kupokea na mtambo wa kurushia vilikuwa visanduku viwili mbalimbali, na antena ni moja. Matchbox ikawekewa relei ndani, inayovutwa kwa umeme wa nyumbani wa volti 115. Ikiwa imelala, antena inakwenda kwenye kipokezi. Ikivutwa, inakwenda kwenye mtambo. Redio yangu inapokea na kurusha kwa soketi ileile. Niunge kwenye soketi ya mtambo, relei ikilala sisikii kitu. Kuiamsha kila mara ninapotaka kusikiliza, na umeme wa ukutani uzunguke humo ndani bila sababu, nikaona ni kuabudu chuma. Nikaitoa, nikaunga kwa ukanda mpana wa shaba. Nyaya mbili za plastiki nazo zikaenda zake. Relei iko kwenye mfuko, imefungwa na mchoro wake.

Baada ya hapo yakaja masafa ya megahezi 10. Mkutano wa dunia uliofanyika Geneva mwaka 1979 uliwaongezea watu wa redio ya ridhaa bendi tatu: 10, 18 na 24. Walioichora Matchbox wasingeweza kuzijua. Ya 18 na ya 24 nilizipata kwa kupapasa kwenye nafasi za bendi jirani. Ya 10 iko katikati ya 7 na 14, na hakuna upande uliotaka kuifikia. Ukitaka kuishusha koili ya megahezi 14 hadi 10, unahitaji karibu mara mbili ya kapasita, kwa kuwa masafa hupungua kwa kipeuo cha pili cha kapasita. Nikatafuta kapasita za kauri zinazostahimili volti elfu kadhaa, nikazifunga kwa skrubu zilizokuwepo tangu mwanzo, na kuziunga kwa kibano cha shaba. Nikitaka bendi hiyo nafungua kifuniko, nabana. Ni usumbufu, nakiri, lakini bati la mbele halikuguswa. Dayodi za jemaniamu za kwenye mita ya nguvu inayorudi nilizibadilisha nilipokuwa humo humo, maana moja ilikuwa imekufa.

Sasa kuna rafiki yangu wa kutoka Eldoret, naye ana leseni ya redio ya ridhaa, ambaye kila akija anaitazama kwa jicho la fundi. Anataka bendi ya megahezi 5, ambayo Marekani waliifungua mwaka 2003. Yeye anataka kupunguza badala ya kuongeza: tuchune koili ya bendi ya mita 80 na kulehemu waya kwenye mzunguko wa kati.

“Waya mmoja tu, ndugu yangu. Nani ataona?”

Nimemkatalia. Kapasita nilizoongeza zinatoka kwa bisibisi, na relei inarudi kwa mchoro. Koili ikishakwanguliwa na kulehemiwa hairudi. Akiitaka sana bendi hiyo, ninacho kisanduku cha kisasa kinachojilinganisha chenyewe kwa sekunde chache. Ataunga waya mwingine wa nje, na Matchbox aiache.