Barua kutoka Brussels: Sufle ya kadani imechanika

Ukitaka kumshangaza mtu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, aliyehamia Brussels, usimwonyeshe treni za chini ya ardhi. Mpeleke kwenye ukaguzi wa magari. Ubelgiji gari dogo likitimiza miaka 4 huitwa kituoni, na kuanzia hapo, kwa kawaida, kila mwaka. Linasimamishwa juu ya shimo, sahani za chuma zinayatikisa magurudumu ya mbele, na mkaguzi huko chini na tochi yake anatafuta hata mpira uliopasuka.

Kijana mmoja wa Furu, mtaa wa Butembo, anayekaa Anderlecht hapa Brussels, alirudi kutoka huko na karatasi iliyosema kwamba sufle ya kadani, upande wa kushoto, imechanika. Gari lilikuwa linakwenda bila lawama. Jioni akampigia simu mjomba wake, fundi wa garaji huko Beni.

"Mjomba, gari haina kelele hata kidogo."

"Basi tembeza, mutoto wangu. Ikianza kulia, ndiyo uniite."

Mkaguzi na mjomba wote wanaijua kazi. Wanapotofautiana ni kipi kilicho ghali: mkono wa fundi au kipuri.

Kadani ni ile fito ya chuma inayotoa nguvu kwenye gia na kuipeleka kwenye gurudumu la mbele. Gurudumu hilo linazunguka, linapanda na kushuka, na papo hapo linakata kona. Fito iliyonyooka isingeyaweza yote hayo. Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, alibuni katika miaka ya 1920 kiungo chenye gololi 6 zinazotembea ndani ya mifereji, mwendo ukafika gurudumuni bila kushtukashtuka hata likiwa limepinda. Kuanzia 1959 gari la Mini lilikifikisha kiungo cha aina hiyo kwa watu wa kipato cha kawaida. Gololi hukaa ndani ya grisi nyeusi yenye molibdenamu, na sufle, mfuko wa mpira wenye mikunjo, huizuia grisi isitoke na mchanga usiingie. Ikichanika, mzunguko huirusha grisi nje, na hiyo ndiyo michirizi myeusi inayoonekana upande wa ndani wa rimu. Vumbi likiingia hugeuka msasa. Siku moja dereva anakata kona kali na kusikia ka-ka-ka. Hapo sufle mpya haisaidii tena, chuma kimeshalika.

Kwa hiyo maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2014 kuhusu ukaguzi wa magari yameutaja mpira huu: ukichakaa vibaya ni kasoro ndogo, ukikosekana au ukipasuka ni kasoro kubwa.

Kazi yenyewe haibadiliki kwa kuvuka bahari. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu hulegezwa gari likiwa bado limekanyaga chini. Kisha jeki na stendi, tairi linatoka, mkono wa chini unaachanishwa, kadani inavutwa. Mikanda miwili ya chuma inakatwa, kiungo kinagongwa kitoke, kinaoshwa mpaka gololi zing'ae. Fundi anaipitisha kucha kwenye mifereji. Akikuta mashimo, anaacha na kumwita mwenye gari waongee habari nyingine. Isipokuwa hivyo, inaingia grisi mpya, sufle mpya, mikanda mipya na klipu mpya. Na sufle huvishwa kwenye fito kabla kiungo hakijarudishwa. Anayeisahau hurudia kazi yote, na garaji zima hucheka.

Ankara ya Anderlecht ilikuwa na mistari michache. Sufle yenyewe ilikuwa kitu kidogo. Saa za fundi ndizo zilizouma, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 21. Butembo hesabu hugeuka. Mikono ya fundi ipo, tena hodari, lakini kipuri kimeshuka Mombasa, kikapita Kampala, kikavuka mpaka wa Uganda na Kongo, Mpondwe na Kasindi, na kila aliyekigusa njiani amekula kidogo. Ndiyo maana wengi husubiri kelele.

Na barabara haisubiri. Butembo kwenda Beni ni kilomita 54 tu, kupitia Kabasha na Maboya, kutoka nyanda za juu hadi penye joto. Pasipo na lami, udongo mwekundu ni vumbi kiangazi na utelezi masika, na sufle huonja vyote viwili. Mwezi Juni 2021 marais Museveni wa Uganda na Tshisekedi wa Kongo walikutana Mpondwe kuzindua mradi wa kutia lami barabara hiyo, pamoja na kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na ile ya Bunagana hadi Goma. Kaskazini mwa Beni, kuelekea Komanda, magari yamewahi kwenda kwa misafara ikisindikizwa na askari, na Septemba 2021 msafara mmoja ulishambuliwa. Mahali pa namna hiyo kadani ikikatika, tatizo si la fundi tena.

Si mbali na kwa kijana huyu upo mtaa wa Heyvaert, ambako magari yaliyotumika hukusanywa na kupelekwa bandari ya Antwerp, mengi yakielekea Afrika Magharibi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje, hasa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 hivi yalikwenda Afrika. Ya Butembo mengi ni ya Japani, usukani kulia katika nchi inayoendesha kulia, kwa hiyo dereva hukaa upande wa mtaro. Faida yake, kwa utani wa mjomba, ni kwamba kadani ya kulia ikianza kulia inamlilia sikioni.

Wapo wanaotaka kuiunganisha sufle hii, kwa kuwa ni ya mpira, na mpira ambao Wakongo walilazimishwa kuugema enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Historia ile haihitaji kusaidiwa namna hiyo: sufle nyingi hutengenezwa kwa mpira wa viwandani, kama neoprini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1930.

Mjomba mwishowe aliomba kitu. Hakutaka gari wala simu, alitaka sufle mbili za Corolla. Kijana akataka kununua ya kwanza aliyoiona. Mzee akamzuia, kwa sababu Corolla ya Ulaya na ile ya Japani hazilingani kila kipimo. Akamtumia namba ya chesisi, unene wa fito na upana wa kiungo, vyote vimepimwa kwa kalipa. Zile zinazonyumbuka, zinazovishwa kwa koni ya plastiki bila kukitoa kiungo, alizikataa, kwa kuwa yeye hukitoa kila mara ili aone mifereji. Akaongeza kwamba mikanda ije ya chuma, isije ya plastiki, na grisi iwe ya kadani yenyewe, maana ile ya beringi anayo debe zima.