Mipangilio ya Programu Ikae Wapi?

Kila programu ya kompyuta ina mambo ya aina mbili ndani yake. Kwanza kuna kazi yenyewe, yaani namna ya kuhesabu, kutafuta na kuandika. Pili kuna mipangilio, yaani yale maamuzi madogo ambayo mwenye programu aweza kuyageuza bila kuigusa kazi. Wazazi wetu wenye cherehani wanalielewa jambo hili vizuri. Fundi akitaka mshono mrefu au mfupi huzungusha kitasa tu, haifungui mashine. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: katika programu, kitasa hicho kiwekwe wapi?

Swali hili limetushughulisha sana katika Chama cha Kompyuta muhula huu. Maktaba yetu ina programu ya kuazimisha vitabu, iliyoandikwa na wenzetu waliokwisha kumaliza Kidato cha Nne. Ni programu nzuri, nami nawasifu. Lakini idadi ya siku za kuazima, yaani 14, waliiandika ndani ya msimbo wenyewe, tena mahali pengi. Mitihani ilipokaribia, mwalimu wetu wa maktaba alitaka siku hizo ziwe 7, ili vitabu vichache tulivyo navyo vizunguke kwa wote. Hakuweza, na wale wa kumsaidia walikuwa wamekwenda zao. Wako wanafunzi walioingia katika chumba cha mtihani wa Fizikia bila kukishika kitabu hata siku moja.

Basi tulipopewa kazi ya kuitengeneza upya, sote tulikubaliana kwamba mipangilio itoke ndani ya msimbo. Ubishi ulikuwa: ikitoka, iende wapi?

Ubishi huu si mpya. Programu za Windows za zamani ziliweka mipangilio katika mafaili ya maandishi yanayoishia kwa herufi .ini. Mwaka 1992, katika Windows 3.1, Microsoft walianza kutumia ghala moja liitwalo Registry, na katika Windows 95, ya mwaka 1995, ghala hilo likawa ndilo mahali pakuu pa kuwekea mipangilio. Upande wa Linux walibaki na mafaili ya maandishi, mengi yake yakikaa katika folda iitwayo /etc. Kila njia ina watetezi wake mpaka leo.

Mwenzetu mmoja alipendekeza hiyo Registry. Alisema kwamba huweza kutenga mipangilio ya kila mtumiaji, na kwamba mtu wa kupita hawezi kuichezea ovyo. Ni kweli. Lakini kompyuta ya maktaba ni kuukuu, na siku itakapokufa tutainakili folda ya programu na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine kwa flashi. Mipangilio iliyo katika Registry haitafuatana na folda hiyo. Itabaki katika kompyuta iliyokufa.

Mwingine alitaka mipangilio ikae pamoja na orodha ya vitabu katika hifadhidata yetu ya SQLite, na ibadilishwe kwa ukurasa wenye vitufe. Wazo hili lina faida, maana faili moja lingebeba kila kitu. Walakini mmoja wa mipangilio yetu ndio unaoieleza programu hifadhidata iko folda gani. Kuuweka huo ndani ya hifadhidata ni kuufungia ufunguo ndani ya nyumba. Tena ule ukurasa wa vitufe nao ni msimbo, nao utahitaji mtu wa kuutunza.

Tukabaki na faili la maandishi. Hata hapo kuna aina nyingi, nasi tulizijaribu tatu.

Ya kwanza ni JSON. Kompyuta huisoma upesi, lakini koma moja ikizidi mwishoni, faili zima hukataliwa. Kisha haina nafasi ya maelezo ya kumsaidia msomaji. Douglas Crockford, Mmarekani aliyeitangaza JSON, aliyaondoa maelezo kwa makusudi, kwa kuwa aliona watu wakiyatumia kuingizia maagizo ya namna ya kulisoma faili. Huenda kwake ilifaa. Kwetu haifai, na sababu ni saa zetu. Sisi twasema maktaba hufungwa saa 10 na nusu jioni, lakini kompyuta huandika 16:30. Mtu akiandika 10:30 kwa hesabu yetu ya Kiswahili, programu itakataa kuazimisha vitabu tangu saa 4 na nusu asubuhi! Hatuna budi kuweka mstari wa kumwonya.

Ya pili ni YAML. Hii yapendeza macho na maelezo yanaruhusiwa. Lakini katika toleo la 1.1, linalofuatwa bado na programu nyingi, neno NO lisilo na alama za kunukuu husomwa kama «hapana», hata ukikusudia nchi ya Norwe, ambayo kifupi chake ni hicho. Nasi tulipoandika 16:30 bila alama hizo, ilisomwa kuwa ni namba 990, yaani dakika zote tangu usiku wa manane. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliyasahihisha hayo, ila kifaa tulichokitumia hufuata la zamani.

Ya tatu ni ile ile ya zamani, INI. Mimi niliitetea, na wengi wakaiunga mkono. Faili letu ni hili:

[maktaba]
# Siku za kuazima. Wakati wa mitihani andika 7.
siku = 14
# Saa 10 na nusu jioni huandikwa 16:30.
kufunga = 16:30

INI ina upungufu. Haina kanuni moja inayofuatwa na wote, na kila thamani husomwa kama maneno matupu. Kwa hiyo ni juu ya programu kukagua. Mtu akiandika «saba» badala ya 7, programu yetu hutaja mstari wenye kosa, kwa Kiswahili, wala haikisii. Mstari ukikosekana, hutumia thamani ya kawaida. Nywila hatuziweki humo kabisa, maana faili hili hunakiliwa na watu wengi. Na kila badiliko huandikwa katika daftari la maktaba pamoja na tarehe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisemi kwamba INI ndiyo bora kwa kila kazi. Benki yenye matawi mengi haiwezi kuendeshwa hivyo. Nasema kwamba kabla ya kuuliza njia ipi ni ya kisasa, tuulize ni nani atakayelifungua faili hilo sisi tukiwa hatupo. Kwetu ni mwalimu mmoja mwenye kazi nyingi, asiyejua kuandika programu, na nyuma yake wako wanafunzi wanaongojea kitabu. Mwakani na sisi tutakuwa Kidato cha Nne, na kisha tutaondoka.

Mwenye maoni mengine na ayaandike katika toleo lijalo, nitafurahi kuyasoma.