Kutembea Bila Kufukuzwa

Babu yangu mzaa mama alikuwa akitoka Busubi, kwetu Ngara, kwenda Biharamulo kwa miguu, na hakuna aliyewahi kumpongeza kwa hilo. Boma lililojengwa na Wajerumani lilikuwa kule, kodi ilikuwa kule, na enzi za Waingereza mambo ya serikali ya Ngara yaliendelea kuamuliwa kule kule. Watu waliongozana kwa makundi kwa kuogopa simba, wakalala walipokuta moto wa wenzao. Katika masimulizi yake mlima ulikuwa adha tu, na pori lilikuwa mahali pa kupita haraka. Kitu pekee cha njiani alichokisifia ni mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yaliyotapakaa pale wahunzi wa zamani walipoyeyushia mawe yao ili wafue majembe. Sisi wajukuu tuliyaokota tukarushia ndege. Akatukemea, maana kwake hiyo ilikuwa kazi ya watu.

Mimi pia nilikulia miguuni. Shule, kisima, kanisa, gulio, msiba wa kilima cha pili, kote huko tulikwenda kwa miguu, na aliyechoka alijinyamazia.

Halafu ikaja Aprili 1994. Tarehe 28 na 29, daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, lilipitisha wakimbizi ambao UNHCR iliwakadiria kuwa 250,000 ndani ya saa 24. Nilikuwa darasa la sita. Watu wazima wanaokumbuka siku zile huzungumzia mito na kilichokuwa kikielea humo. Mimi nilichobaki nacho ni mwendo wenyewe: watu wengi kuliko nilivyojua kuwa watu wanaweza kuwa wengi, wana mikeka, sufuria, mbuzi, magodoro kichwani, na hawapigi kelele. Mwenye nguvu hampiti asiye na nguvu, kwa sababu hakuna nafasi ya kupita. Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara, pakageuka mji kwa usiku mmoja. Miti ikaishia kwenye mafiga. Desemba 1996 wengi wao wakarudishwa Rwanda, tena kwa miguu, na serikali ikiwa imeshatoa tarehe ya mwisho.

Watu walirudi, bunduki zikabaki. Kwa miaka mingi baada ya hapo, pori la Kimisi, la Burigi na la Biharamulo lilikuwa la majambazi. Mabasi yalisubiriana ili yaingie porini kwa msafara. Polisi wenye SMG walipanda mbele, konda akanyamaza, na kina mama wakahamisha fedha kutoka kwenye pochi kwenda kwenye nepi za watoto. Aliyetaka kujisaidia alivumilia hadi Nyakanazi. Nilijifunza hapo kuwa mwituni mtu hutazama nyuma kuliko mbele, na tabia hiyo nilihama nayo.

Nilihama nayo hadi Kondoa, nilikopangiwa kazi ya ualimu nikiwa kijana. Nilifundisha historia. Nikasimama ubaoni na kuwaambia watoto wa Kirangi kwamba wahenga walichora kwenye mapango ya Kondoa, jambo lililomo katika vitabu vya shule nchi nzima. Mzee aliyenipangisha chumba akaniuliza siku moja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, “Mwalimu, hayo mawe unayofundisha umeyaona?” Alinipeleka mwenyewe.

Kolo iko kaskazini mwa mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu ya Babati. Wakati ule ilikuwa barabara ya vumbi. Ulipofika ulipita kwenye ofisi ya Mambo ya Kale, ukasaini kitabu, ukapewa mtu wa kukuongoza. Baada ya hapo ni mchanga. Kwa mtu wa Ngara, aliyezoea migomba na ukungu wa asubuhi, nchi ile ilikuwa kama mfupa uliotafunwa ukaachwa: mito isiyo na maji na makorongo ambayo mvua imeyachimba hadi nyumba nzima ingeweza kuzama humo. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoathirika. Mzee alikuwa miongoni mwa waliohamisha ng'ombe. Alinionyesha ng'ambo ya korongo mahali zizi lake lilipokuwa, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyesahau.

Tukaanza kupanda. Njia ilikuwa ya mawe, yenye vichaka vya miiba, na kila tulipopita penye kona nilitazama nyuma. Mzee alivumilia, mwisho akasimama. “Unamtafuta nani huko?” Sikuwa na jibu la kumpa mtu aliyekuwa akipanda mlima ule tangu utoto wake akipeleka mbuzi kwenye tambiko la mvua.

Na matambiko bado yalikuwepo. Watu wa pale huleta pombe na kumwagia mwambani, wakiomba mvua au uzima wa mgonjwa. Watunza mambo ya kale hawafurahii, kwa kuwa majimaji huharibu rangi. Nilimwelewa mtunzaji, lakini moyoni nilikuwa upande wa wenye pombe. Mwamba usiohitajiwa na mtu yeyote isipokuwa mgeni mwenye kamera umeshakufa nusu.

Michoro yenyewe haijitangazi. Macho huchukua muda kuipokea: kwanza doa jekundu, kisha shingo ya twiga, kisha watu warefu wembamba wenye vichwa vipana kama wamevaa kitu. Juu ya nyekundu kuna nyeupe, za watu waliokuja baadaye. Kuna watu watano ambao Mary Leakey, aliyenakili michoro zaidi ya 1,600 ya Kondoa mwaka 1951, aliwaona kuwa wanagombania mwanamke: wawili wanamvuta huku, wawili kule. Wengine, wakiwasikiliza Wasandawe na ngoma yao ya simbo, wanaona wacheza ngoma waliopandisha mashetani. Mimi sikuona ugomvi wala ngoma. Niliona watu wanavuka mahali, wameshikana wasipoteane.

Kiongozi alieleza kuwa wekundu ule ni jiwe lenye chuma, lililosagwa na kuchanganywa na mafuta. Nikamkumbuka babu. Huko kwetu jiwe la ukoo huo liliingia tanuruni.

Likizo iliyofuata nilimsimulia mama kwamba nimepanda mlima siku nzima kutazama mwamba. Alisonga ugali mpaka ukaiva, ndipo akauliza: “Nani aliwafukuza?”

Mwaka 2006 UNESCO iliingiza michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2018 lami ya Dodoma hadi Babati ikazinduliwa, na sasa basi la wanafunzi linaweza kufika Kolo na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Nimeshapeleka madarasa yangu. Watoto hupanda wakicheka, hawatazami nyuma hata kidogo, na wakishachoka hulalamika kwa sauti, haki ambayo sisi hatukuwa nayo.

Huku nyumbani nako mambo yamegeuka. Mapori yale ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Mpwa wangu, asiyeikumbuka ile misafara ya mabasi, ana wenzake wa kutembea naye mwisho wa mwezi. Wananunua viatu vya mtumba vyenye meno na kulipa kiingilio ili wapite palepale nilipopita nimejikunja chini ya kiti. Nilipokwenda nao, askari wa hifadhi alitembea nasi na bunduki yake. Safari hii ni kwa ajili ya nyati. Niliuliza hilo mapema, langoni.

Mpwa sasa amesikia kwamba mkoa wetu una mawe yake yenye michoro, kule Bwanjai wilayani Missenyi. Anataka twende kiangazi. Nimekubali, kwa sharti kwamba nauli ya kutoka Biharamulo ni juu yake, na kwamba mbele ya basi nakaa mimi.