Kabichi 500 za Tsarskoye Selo

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa nasomea kilimo Pushkin, mji ulio kusini kidogo ya Leningrad. Wazee wa pale bado waliuita Tsarskoye Selo, jina la enzi za Tsar. Nikienda chuoni nilipenda kukatiza bustani ya Jumba la Alexander, lenye kuta za manjano na nguzo nyeupe. Jumba lilikuwa mikononi mwa jeshi la majini, kwa hiyo tuliishia kulitazama nje.

Darasani, Malkia Alexandra, mke wa Tsar wa mwisho, alimalizwa kwa maneno machache: Mjerumani, mshirikina, mateka wa Rasputin, yule mponyaji wa kidini. Lakini Aprili 1989 ikatangazwa kwamba mifupa ya familia yake imeonekana karibu na Sverdlovsk, na kwenye foleni ya sukari, kila mtu na kuponi yake, watu wakaanza kusema waliyoyafungia moyoni. Aliyenisimulia zaidi ni bibi mmoja jirani wa bweni letu.

Machi 1917, mumewe alipong'olewa madarakani, Alexandra aliwekwa kizuizini katika lile Jumba la Alexander huku watoto wakiumwa surua. Theluji ilipoyeyuka, familia ilichimbua nyasi za bustani na kupanda mboga. Kabichi peke yake zilikuwa kama 500. Habari hiyo ilinikaa kuliko zote za mataji na almasi. Kabichi za kule nyingi huiva kuanzia Septemba. Anayezipanda Mei anatarajia kuwapo. Katikati ya Agosti waliketi usiku kucha juu ya mizigo wakisubiri treni, ikaja alfajiri, ikawapeleka Siberia.

Alexandra mwenyewe hakulima, miguu ilimsumbua. Alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kisha akatandikiwa zulia chini ya mti akishona, na nje ya uzio watu wakimzomea. Siku moja askari wa zamu alijitupa kando yake juu ya zulia na kumshutumu kwamba anawadharau wananchi. Alimjibu kwa upole: ujanani alikuwa na watoto watano wa kulea, hakupata nafasi ya kuzunguka nchi, na baadaye mwili ukakosa afya. Wakazungumza juu ya dini na familia. Askari aliponyanyuka alimpa mkono, akakiri kwamba alimdhania mtu mwingine kabisa.

Sisemi alionewa katika yote. Tangu Tsar alipokwenda kuongoza jeshi mwaka 1915, mkewe aliingilia uteuzi wa mawaziri, wakabadilishwa hovyo wakati nchi ina njaa na vita. Hilo ni kosa zito, na wengi walilipa. Ila mfalme wa Uingereza, binamu yake wa damu, ndiye aliyekataa kuwapokea baada ya serikali yake kukubali, na hilo bado linanikera. Mlango ule ungefunguliwa, huenda wasingefika kwenye chumba cha chini cha nyumba moja ya Yekaterinburg, mji ulioitwa baadaye Sverdlovsk, Julai 1918, walikopigwa risasi wote, mpaka daktari, mpishi na mjakazi.

Baba wa yule bibi aliuawa katika vita ile kabla binti hajajua kutembea. Nilimwuliza kama amemsamehe Alexandra.

"Yeye hapana, mwanangu," alisema. "Lakini wale watoto walikosa nini?"