Mjomba, Dola Si Ile Tena



Nimetoka zamu ya usiku kwenye makao ya wazee, viatu bado vina theluji. Hapa Lowell, Massachusetts, baridi imeshika kweli. Nilipitia duka la kutuma pesa. Foleni ni ileile: Wakambodia, Wabrazili, na sisi Wakenya tunaojuana kwa mbali. Kipya ni karatasi iliyobandikwa dirishani: anayelipa kwa noti anakatwa kodi ya serikali ya asilimia 1.

Sheria yenyewe ilitiwa saini Julai 4, 2025, kodi ikaanza Januari 1, 2026. Awali pendekezo lilikuwa asilimia 5, kwa wasio raia tu. Ikashuka hadi 3.5, mwisho 1, na sasa raia na mgeni wote wamo. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani, kodi hiyo haimgusi. Mimi kadi ninayo. Wanaoumia ni wanaolipwa mkononi, wasio na akaunti: dola 5 kwa kila 500.

Lakini Mjomba, kodi si kilio changu. Kilio changu ni ile karatasi yako ya simiti, nondo na mabati ya nyumba ya Mtwapa. Uliipiga hesabu Januari 2024, dola moja ikigusa shilingi 160. Nikituma dola 1,000 unapokea 160,000, nami najiona tajiri bila kuongezwa mshahara. Leo zinafika kama 129,000. Shilingi 31,000 hazipo, na hakuna aliyeziiba. Najua huko barazani wameshasema nimekuwa mkono wa birika.

Siku zile shilingi ilikuwa dhaifu kwa sababu watu waliogopa Kenya itashindwa kulipa deni la nje la Eurobond la dola bilioni 2 lililoiva Juni 2024. Februari serikali ikakopa bilioni 1.5 mpya, kwa riba ya karibu asilimia 10, ikanunua sehemu kubwa ya deni la zamani kabla ya siku yake. Mwezi huohuo ikauza hati za dhamana za miundombinu zenye riba ya zaidi ya asilimia 18, bila kodi. Wenye dola wakazikimbilia, shilingi ikapanda ndani ya wiki chache. Kukopa ghali ili ulipe deni si jambo la kujivunia, ila hofu ilitulia. Anayeagiza mafuta alishukuru. Mimi ninayeuza jasho kwa dola nilipunjika.

Tena tuna mkono wetu humo. Mwaka 2024 Wakenya wa nje tulituma karibu dola bilioni 5, nyingi kuliko chai inavyoingiza, na zaidi ya nusu zilitoka huku Marekani. Kila tunapotuma tunaipa nguvu shilingi inayotupunja.

Hati zile za asilimia 18 hata mimi ningeweza kuzinunua kwa simu, nikiwa hapahapa. Mwenzangu kazini alinihimiza. Nikamwambia mimi najenga, nikanunua mabati, ambayo mpaka leo yamelala uani kwako bila ukuta kamili wa kuyabeba.

Basi chana karatasi ile. Andika nyingine kwa shilingi, kazi moja moja, ukianza na linta. Nitatuma Ijumaa kwa kadi, na tafadhali fundi asichanganye kokoto kabla pesa hazijaingia kwenye simu yako.