Uchaga Ndani ya Pikapu: Safari ya Big Bend

Tangu tuliporejea kutoka kusini-magharibi ya Texas, familia kadhaa zinazosoma kijarida hiki zimetuuliza mambo mawili: huko Big Bend kuna nini, na kwa nini tuling'oa viti vya nyuma vya gari zima kwa ajili ya safari ya siku nne. Tumeona vyema kuyajibu maswali yote mawili kwa pamoja, kwani nchi ile ndiyo iliyotulazimisha kushika msumeno.

Big Bend ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1944, mahali ambapo mto Rio Grande, ulio mpaka wa Marekani na Meksiko, unakata kona kubwa kuelekea kaskazini. Eneo lake lapita kilomita za mraba 3,200. Kutoka Houston ni karibu maili 600, yaani kilomita 960 na ushei. Ukishaipita San Antonio, miji hupungua, miti hufupika, na mbingu huanza kutanda pande zote. Baada ya Fort Stockton barabara yageuka kusini hadi Marathon, mji mdogo ulio kando ya reli. Kutoka hapo hadi Panther Junction, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni kiasi cha maili 70 za ukiwa. Asiyejaza petroli Marathon ajilaumu mwenyewe.

Nchi yenyewe ni sehemu ya jangwa la Chihuahua, lakini lisikudanganye jina la jangwa. Katikati yake yasimama milima ya Chisos, ambayo kilele chake kirefu, Emory, chafikia mita 2,387. Huko juu kuna misitu na baridi. Chini kando ya mto joto la Juni hupita nyuzi 38 kwa wepesi. Upande wa magharibi mto umekata mwamba na kuacha korongo la Santa Elena, ambalo kuta zake zainuka kiasi cha mita 450 kutoka majini. Mtu akisimama chini yake huona mbingu kama utepe.

Jambo lililotugusa zaidi sisi tuliolelewa upande wa Tanga na Pwani ni mimea. Mabonde yale yamejaa mmea mfupi, mkali, wenye majani kama majambia, uitwao lechuguilla. Mmoja wetu aliuona akasema papo hapo, "Huu mkonge!" Naye hakuwa mbali na ukweli, kwani mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Mkonge wenyewe asili yake ni Meksiko. Mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, ndiye aliyeuingiza Tanga mwaka 1893 kwa kupitia Florida. Watu wa mpakani hapa nao wamesokota kamba kutokana na nyuzi za lechuguilla tangu zamani. Basi tulisimama kando ya barabara ya Texas tukiutazama mmea uliofanana na ule uliowalisha babu zetu kwa vibarua, na hapakuwa na haja ya kuwaeleza watoto kwa maneno mengi.

Sasa tuje kwenye gari. Tulikuwa saba, watu wazima watano na watoto wawili, katika pikapu mbili za milango minne. Nia yetu ilikuwa kulala katika Old Ore Road, njia ya vumbi na mawe yenye urefu wa maili 26 na zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, madini yaliyotoka upande wa Meksiko yalipitishwa humo kwa magari ya kukokotwa na wanyama hadi kwenye reli ya Marathon. Njia hiyo haina lami, haina bomba, haina duka. Gari la chini haliwezi kupita, na lile la juu huchukua saa kadhaa likiyumba kama jahazi katika mawimbi ya kusi.

Hifadhi hushauri kila mtu awe na galoni moja ya maji kwa siku, yaani karibu lita 3.8. Kwa watu saba na siku nne hiyo ni karibu lita 106, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, tulikuwa na abiria mnene asiyelipa nauli. Ongeza mchele, unga, tui la kopo, masufuria, jiko la gesi, mahema na mablanketi. Kuviweka vyote nyuma kusikofunikwa ni kuvikabidhi kwa jua, vumbi na wanyama. Dubu weusi, waliokuwa wametoweka Big Bend, walirudi wenyewe kutoka milima ya Meksiko mwishoni mwa miaka ya 1980, na chakula kisichofungiwa huwaharibu tabia. Hivyo ilitupasa vyakula viwe ndani ya gari lenye milango. Tukakata shauri: gari moja libebe watu watano, la pili libebe wawili mbele na shehena yote nyuma, juu na chini ya uchaga.

Uchaga twaujua sote. Ndio ule wa jikoni kwa bibi, wa kuwekea mahindi yasiliwe na panya. Wetu ulikuwa na upana wa sentimita 132, kina cha sentimita 86 na kimo cha sentimita 34. Kwanza tulifungua viti kwa spana. Kila bolti tuliitia katika mfuko wake na kuuandikia ilikotoka. Kisha tukakata violezo vya maboksi, kwani sakafu ya gari haina pembe mraba hata moja; ni vilima na mabonde matupu. Violezo vilipokaa sawasawa ndipo tulipovihamishia kwenye plaiwudi: ya milimita 18 kwa sehemu ya juu, ya milimita 12 kwa kuta na vigawanyo. Fremu ilikuwa ya mbao za inchi 2 kwa 2. Tuliunganisha kwa gundi na skrubu, tukapiga msasa, tukapaka vanishi mara mbili. Sehemu ya juu ilikuwa na vifuniko viwili vyenye bawaba, na chini yake vyumba vitatu. Mabaki ya plaiwudi yakawa meza ya kupikia.

Katika kazi yote hiyo kuna mambo matatu ambayo twamsihi kila atakayejaribu asiyapuuze. La kwanza, usitoboe sakafu ya gari. Chini yake hupita mirija ya petroli, mirija ya breki na nyaya. Tumia matundu yale yale ya bolti za viti. La pili, uchaga si kiti. Asikae mtu juu yake, hata kwa mwendo wa kwenda dukani, kwani hapana mkanda utakaomshika, na mtoto hana mahali pengine katika gari ila kitini pake. La tatu, breki za ghafla hugeuza sufuria kuwa kombora. Kila kitu kifungwe kwa mikanda, na shehena isipite kimo cha migongo ya viti vya mbele. Kabla ya yote, soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Humo imeandikwa kilo ambazo gari limeruhusiwa kubeba, watu na mizigo kwa jumla.

Katika kupakia tulifuata elimu ya manahodha. Mzigo mzito hukaa chini, karibu na mkuku, nao huwa ndio farumi ya chombo. Madumu sita ya maji yalikaa sakafuni katikati. Nafaka na makopo pembeni. Juu ya uchaga yalikaa mablanketi na mahema, vitu ambavyo hata vikimpiga mtu havimuumizi. Dumu la petroli halikuingia ndani kabisa. Uzito wa uchaga wenyewe haukufika kilo 30.

Hata hivyo, ugumu wa shauri hili haukuwa katika mbao. Katika jumuiya yetu kiti cha nyuma si mali ya mwenye gari peke yake. Gari lenye viti vitano likikutwa na mtu mmoja, huulizwa wanne wako wapi. Ndilo limpelekalo mgeni uwanja wa ndege, mzazi hospitali, watoto wa jirani shuleni mama yao anapokuwa zamu ya usiku. Kung'oa viti ni kama kuweka kufuli mlangoni na kuwaambia watu kwamba leo hatupo. Bi mkubwa mmoja wa hapa Houston, ambaye twamheshimu kama mama yetu, alilitazama gari likiwa wazi, akatikisa kichwa.

"Wanangu, gari mmelitia mbao, watu mtawatia wapi?"

"Mama, mbao zinatoka," tukamjibu.

"Basi na zitoke upesi. Msiba hauangalii kalenda."

Neno lake ndilo lililoubadili mchoro wetu. Badala ya kuufunga uchaga kwa skrubu nyingi, tuliufanya ushikwe kwa bolti nne tu, na kuugawa vipande viwili ili watu wawili waweze kuutoa bila kuumia mgongo. Viti havikupelekwa ghala la kukodi. Viliwekwa banda la gari, vikafunikwa kwa shuka, karibu na mlango. Tuliuweka na kuutoa mara tatu kwa majaribio, huku mmoja wetu akishika saa. Mara ya tatu ilichukua dakika 35.

Juma moja kabla ya safari, jirani yetu alipata habari ya kufiwa na baba yake huko nyumbani. Ilikuwa baada ya isha, na ndege ilikuwa ya alfajiri. Alikuwa na mke, watoto wawili na masanduku. Uchaga ukatolewa. Viti vikarudi mahali pake, na bolti zikakazwa kwa spana ya kipimo, kwa nguvu ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kazi ilikwisha kabla ya wali wa matanga kuiva. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usiku ule tuliuona uzito wake, na tulishukuru kwamba gari lilikuwa na mahali pa kuutia. Tuliporudi kutoka uwanja wa ndege bi mkubwa hakusema neno. Alitupa chai.

Kule Old Ore Road uchaga ulifanya kazi yake. Gari liliyumba saa baada ya saa, wala kifuniko hakikufunguka. Tuliposimama karibu na Ernst Tinaja, dimbwi lililochongwa na maji katika mwamba wa rangi nyingi, tulipata kujua kwamba tinaja kwa Kihispania ni mtungi mkubwa wa maji. Jina hilo lilitosha kutuonyesha jinsi wapitaji wa zamani walivyopathamini mahali pale. Nasi hatukuyagusa maji hayo. Ni ya wanyama, na yetu yalikuwamo katika madumu.

Usiku ulipoingia tulikunja meza, tukafungia vyakula ndani, tukazima taa. Big Bend ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya giza la usiku. Wale watoto wawili, waliozaliwa Houston, hawakuwahi kuona kilimia kwa macho yao. Walikionyeshwa, na wakaelezwa kwamba kwa nyota hizo wakulima wa kwetu walijua majira ya kulima. Mdogo aliuliza kama nyota hizo ndizo zile zile anazoziona bibi yake Pangani. Tukamwambia ndizo.

Jambo la mwisho lawahusu wasomaji wetu kuliko watalii wengine. Unaporudi kutoka hifadhini kuelekea kaskazini, kabla ya Marathon kuna kizuizi cha askari wa mpaka, na kingine kiko katika barabara iendayo Alpine. Huko huulizwa uraia wa kila aliyemo garini. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu aliyetimiza miaka 18 hutakiwa na sheria awe nayo mwilini wakati wote. Wenye viza wachukue pasi zao. Hati zisipakiwe chini ya uchaga, chini ya mchele. Zetu zilikuwa mifukoni, tukaulizwa maswali mawili, tukapita. Ambaye mambo yake ya karatasi hayajatengemaa na aongee na mwanasheria wake kabla ya kushika njia ile.

Wakati mzuri wa kwenda ni kuanzia Novemba hadi Machi, na nguo nzito zichukuliwe, kwani usiku huweza kuganda. Kambi za kando ya njia za vumbi huhitaji kibali, nacho kiombwe mapema. Njia hizo zikinyeshewa hubadilika, hivyo ulizeni askari wa hifadhi asubuhi ile ile mnayotaka kuingia.

Viti vimekwisha kurudi garini, na uchaga umesimama ukutani katika banda. Violezo vya maboksi tumevihifadhi pia, pamoja na mfuko mtupu wa kila bolti. Familia yoyote yenye pikapu ya namna ile na ivichukue ikatazame kama vitakaa. Twaomba tu virudishwe vikavu, na mwaka huu mtuchukulie pia watoto wetu kwenye gari la viti.