"Imeisha" Si Neno la Kurusha Tu

Mwaka wangu wa kwanza kama mwanaprogramu, nilidanganya watu bila kujua nadanganya. Nilisema, "Imeisha."

Tulikuwa watano, tunaunda programu ya chama cha akina mama wa soko: kuweka michango, kukopa, kuangalia salio. Kwenye sprinti hiyo ya wiki mbili, sehemu ya mikopo ilikuwa yangu. Siku ya kuonyesha kazi, mweka hazina wa chama akaja mwenyewe, daftari kwapani. Kwa laptopu yangu kila kitu kilikuwa freshi. Kwa simu yake sasa? Alijaribu kukopa elfu tano, netiwaki ikasuasua, akabonyeza tena. Deni likasoma elfu kumi.

Mama akafungua daftari, akaliangalia, akalifunga. "Mwanangu, hili halijawahi kunidai mara mbili."

Ilikuwa pesa ya majaribio tu, lakini manze, nilitamani kuingia chini ya meza.

Usiku huo ndio nilisoma Mwongozo wa Skramu kwa makini, ule wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ambao kwa wasifu wangu nilikuwa nimeandika naujua. Toleo la 2020 ni fupi sana. Linataja vielelezo vitatu vya kazi, na kila kimoja kina ahadi yake.

Cha kwanza ni bakilogi ya bidhaa: orodha ya kila kitu ambacho bidhaa inahitaji, imepangwa kwa kipaumbele. Ahadi yake ni lengo la bidhaa, yaani tunaelekea wapi. Cha pili ni bakilogi ya sprinti: kazi tulizochagua kwa sasa na mpango wa kuzifanya. Ahadi yake ni lengo la sprinti. Cha tatu ni inkrimenti: kipande kinachofanya kazi kweli, kikiongezwa juu ya vile vya awali. Ahadi yake ni maana ya "imekamilika," ambayo timu nzima inaielewa vilevile.

Hapo ndipo nilijipata. Mwongozo unasema kazi isiyofikia maana hiyo haitolewi kwa watumiaji, na hata kwenye kikao cha kuonyesha kazi haionyeshwi. Inarudi kwenye bakilogi ya bidhaa. Kumbe yangu haikufaa kumfikia yule mama kabisa.

Maoni yangu ni haya: timu nyingi zinapenda vile viwili vya kwanza. Ubao una rangi, kadi zinasonga kulia, kila mtu anaonekana bize. Lakini kadi kusonga si kazi kuisha. Bila maana moja ya "imekamilika," kila mtu anabaki na yake, na yangu ilikuwa "kwangu inafanya."

Kesho yake tukaandika yetu, mistari minne: imekaguliwa na mwenzako, imejaribiwa kwa simu ya bei ya chini, imejaribiwa netiwaki ikiwa mbovu, ukibonyeza mara mbili inahesabu moja.

Sprinti iliyofuata mama akarudi. Akabonyeza mara tatu, makusudi, huku ananiangalia. Deni likasoma elfu tano.

Daftari bado anakuja nalo. Simlaumu.

Na wewe, ukisema imeisha, imeisha wapi: kwa laptopu yako ama kwa simu ya mama?